Nilimwekea Turubai Muuza Magari

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, habari ni fupi: mume wangu alikufa, nikanunua pikapu kwa pesa aliyoniachia, na pikapu nayo ikafa.

Ilifia mlimani, imebeba viti vya harusi ya watu. Fundi alipofungua gia boksi alichota kitu kwa kidole, akaninusisha. Unga wa mbao. Wauzaji walikuwa wameukoroga na oili nzito ili gia zilizolika zisipige kelele siku ya kununua. Zikishapata moto, kwisha habari.

Nikarudi yadi ya magari nilikoinunua, kudai pesa yangu. Mwenye yadi, ambaye mtaa mzima humwita Funguo kwa lile shada la funguo linaloning'inia kiunoni mwake, alininyooshea kidole kibao cha ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilipoanza kulia, akasema neno ambalo limenikaa mwilini kama mwiba.

"Mama, msiba wako kalilie kwako. Hapa ni mahali pa biashara."

Mimi si mtu wa maneno. Marehemu ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba yetu sote wawili. Naandika haya kwa sababu sauti yake imeanza kunitoka masikioni, na sitaki kusahau alivyohangaika. Alikodisha viti na maturubai, harusini na misibani, miaka yote akivisukuma kwa mkokoteni, jua lake, mvua yake. Pikapu ilikuwa hamu yake. Aliiwekea akiba kidogo kidogo, akafa hajaipanda hata mara moja.

Kwa hiyo Funguo hakula pesa yangu. Alikula jasho la mtu aliye kaburini, na mimi niliapa ataitapika.

Lile neno nilimsimulia wifi yangu, dada yake marehemu. Wifi ni mwanamke ambaye akinong'ona, jirani wa nyumba ya tatu anaitika.

"Kakwambia ukalilie kwako?"

"Ndiyo."

"Kwani kwake hakuliliki?"

Alisema kwa hasira tu, kama watu wasemavyo. Lakini mimi macho yangu yalikwenda stoo. Viti vilikuwa vimebebana hadi karibu na dari. Turubai kubwa limekunjwa pembeni.

"Wifi," nikasema, "kesho asubuhi una kazi?"

*

Kuna jambo ambalo sisi wakodishaji wa viti tunalijua. Mtu akiona turubai limefungwa kando ya barabara, viti vimepangwa, na hakuna muziki, haulizi. Anapunguza mwendo, anavua kofia, anaketi. Kuuliza ni baadaye. Marehemu alikuwa akisema safu ya mbele ndiyo chambo: ijazeni watu wenu, nyingine zitajijaza zenyewe.

Kiwanja kilicho mbele ya yadi si cha Funguo. Ni cha barabara. Tulifunga turubai hapo, na lango lake nikaliacha wazi upana wa kupita lori, asije akasema nimemzibia riziki. Fundi akaivuta pikapu kwa kamba mpaka mbele ya viti. Nikaitandikia shuka jeupe, kuanzia boneti hadi nyuma.

Wifi akajitanda mtandio, akakaa safu ya mbele, akaanza.

"Ewe pesa ya kaka yangu! Umetutoka ungali mbichi! Hata kuumwa hukuumwa!"

"Wifi, usizidishe."

"Wewe nyamaza kama kawaida yako. Leo mimi ndiye spika."

Fundi viatu wa kona ndiye aliyetangulia. Aliacha kigoda chake, akaja kukaa kwenye kiti chetu, kichwa chini. Akafuata muuza mayai na ndoo yake. Kisha wapita njia, mmoja mmoja. Kabla jua halijapanda vizuri, viti vilikuwa vimeanza kwisha.

Akaja bwana mmoja na mkewe. Bwana alikuwa amebana mkoba kwapani kwa namna ambayo hata kipofu angejua kuna nini ndani. Walikuja kununua gari. Walipoona turubai wakasimama. Mke akamvuta mume mkono, wakatupa pole kwa sauti ya chini, wakarudi walikotoka.

Nani anakwenda kupatana bei mlangoni pa msiba?

Watu wakaanza kuniuliza, "Poleni. Nani amefariki?"

Nilikuwa nimejiapiza nisiseme uongo. "Kaulizeni ndani," nikawajibu. Wote niliwajibu hivyo hivyo.

Naomba mnisikilize hapa. Lile neno lilikuwa la kweli, lakini nilijua hakuna atakayekwenda kuuliza ndani. Mtu hawezi kuingia kwa mfiwa na kumuuliza, samahani, ni wewe uliyekufa? Waliulizana wao kwa wao. Mimi nikawaacha waulizane.

*

Funguo alitoka mbio mpaka viatu vikamtoka visiginoni.

"Nini hii?"

"Msiba, bosi," wifi akamjibu. "Karibu. Kuna kiti kule nyuma."

"Msiba wa nani?"

Wifi akainuka taratibu, akafunua shuka upande wa taa za mbele, kama anavyofunuliwa maiti uso.

"Huyu hapa. Muage. Tunaambiwa alikuwa wa nyumbani kwako."

Fundi viatu akacheka, akajiziba mdomo. Muuza mayai hakujiziba.

"Wewe Mama Viti," Funguo akanigeukia mimi, "toa uchafu wako mlangoni pangu."

"Sijaingia kwako," nikasema. "Uliniambia mle ndani ni mahali pa biashara. Nimetoka nje."

"Nitaita watu waving'oe hivi viti!"

"Waite. Wakija watakaa."

Akacheka kwa dharau, funguo zikilia kiunoni. "Mwanamke ambaye kazi yake ni kufa kufaana! Wewe si unakula kwa vifo vya watu? Mtu akikata roho, wewe unapika. Leo unifundishe mimi biashara?"

Hata wifi alikosa la kusema, jambo ambalo sijaliona tangu niolewe katika ukoo ule.

"Ni kweli," nikasema. "Nakula kwa vifo. Lakini mtu akikalia kiti changu, hakimwangushi."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nilidhani amesema mtu mwingine.

"Sema wewe!" likatoka nyuma.

Funguo akanisogelea, akashusha sauti kama anayempa mtu siri. "Basi sikia, dada yangu. Nitakupa nusu. Tuishie hapo."

"Kwani uliniuzia nusu ya gari?"

"Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayakumwagika, bosi," wifi akadakia, uhai umemrudia. "Yako mfukoni mwako."

Alirudi ndani akaubamiza mlango wa ofisi. Nilikaa. Moyo ulikuwa ukinidunda, lakini kwa mara ya kwanza tangu mazishi haukuwa ukidunda kwa huzuni. Niliona raha. Sifichi.

Raha yenyewe haikudumu.

*

Teksi ilisimama barabarani, na kabla haijatulia mlango ukafunguka. Akatoka mama mtu mzima, hana viatu, gauni amelivaa nje ndani.

"Mwanangu! Mwanangu wa pekee! Mmempeleka wapi mwanangu?"

Hakuna aliyenieleza. Kilio kile nakijua. Nilikitoa mimi mwenyewe, asubuhi niliyomwita mume wangu kitandani asiitike. Hakifundishwi, na hakiigizwi. Wifi aliyekuwa akilia kwa mbwembwe alinyamaza kama redio iliyokatiwa umeme.

Kumbe mtu alikuwa amempigia simu: kwa mwanao kuna turubai, watu wamejaa, na yeye haonekani.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Nilimshika mabega. Yalikuwa mepesi, mifupa mitupu.

"Mama, mzima. Mwanao mzima. Yuko ofisini."

"Amekufa nani?"

"Hajafa mtu, mama. Ni mimi niliyekosa. Viti ni vyangu."

Hakunielewa. Alinitazama mdomoni kama mtu anayesoma maandishi madogo. Funguo naye alikuwa amesikia sauti, akatoka. Mama yake akamwendea, akampapasa uso, masikio, kifua, kana kwamba anahakikisha hakuna kilichopungua. Kisha akamzaba kofi.

"Mama! Si mimi, ni huyu mwan—"

"Nyamaza. Nipeni kiti."

Nilimpa kiti. Nilimpa na maji. Alipopata pumzi, akanitazama kwa macho makavu.

"Haya, binti. Nimekuja bila viatu. Nieleze nimekuja kulia nini."

Nikamweleza. Akiba ya marehemu, mlimani, harusi ya watu, unga wa mbao, kibao cha ukutani, na lile neno la kalilie kwako. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo. Nilipomaliza nikamwomba radhi kwa ajili ya turubai. Kwa ajili ya turubai tu.

Akamgeukia mwanawe.

"Ule unga wa mbao uliwekwa au haukuwekwa?"

"Mama, biashara ya magari ya mkononi ina mambo yake..."

"Sijakuuliza mambo yake."

Funguo akatazama chini. "Uliwekwa. Lakini si mimi. Ni fundi wa yadi."

"Na pesa iliingia mfuko wa fundi wa yadi?"



"Pesa nimeizungusha, mama. Imo kwenye magari mengine. Angoje wiki ijayo, yakiuzwa..."

"Nitangoja," nikasema. "Na turubai nalo litangoja. Halina haraka."

Mama akaniwekea mkono gotini. "Mwanangu, kunja turubai lako. Sikuombi umsamehe. Dai lako ni la haki, na usilipunguze hata kidogo. Ila kila nikiliangalia, moyo wangu unaniambia mtoto amekufa. Siwezi."

"Nikikunja, hanilipi."

"Najua. Nimemzaa mimi. Ndiyo maana nitakwenda na wewe. Nitakaa kwako. Akimtaka mama yake, aje na pesa ya mume wako, yote."

"Mama, mimi siweki watu rehani."

"Nani kaniweka? Najiweka."

Funguo akacheka kidogo, akadhani ni utani. Mama hakucheka. Alikwisha inuka, anauliza teksi iko wapi.

Wifi akaniinamia sikioni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanong'ona kweli: "Wifi, tumekuja na gari bovu, tunarudi na mama wa mtu."

Nilikunja turubai. Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Nilikuwa na nguvu ya kumkaidi Funguo mpaka kiama, lakini si ya kumwambia yule mama aendelee kukaa msibani kwa mtoto wake aliye hai. Pikapu niliiacha pale pale, na shuka lake.

"Ukichoka kuitazama," nikamwambia Funguo, "iwashe uipandishe mlima."

*

Kwangu ni chumba na sebule. Mama aliingia, akaangalia huku na huku bila kutoa neno la kusifia wala la kusikitika, na hilo nikalipenda. Nilimpa gauni langu abadilishe. Wifi alikwenda kurudisha viti stoo.

"Nijinyooshe kidogo," mama akasema. "Miguu hii imekimbia leo kuliko mwaka mzima."

Akapanda kitandani, akajisogeza upande wa ukutani. Hapo ndipo mume wangu alipokuwa akilala. Tangu afe hakuna aliyelala hapo; hata mimi nikiwa usingizini mwili wangu unajua mpaka. Nikamsogezea mto.

Simu yake ikalia. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo huongea kwa spika, na mimi nikasikia yote.

"Mama, natuma gari likuchukue."

"Lenye unga au lisilo na unga?"

"Mama, tafadhali. Dawa zako za moyo ninazo mimi. Si ndizo nilizokuchukulia jana duka la dawa? Jana hukunywa, leo hukunywa."

"Basi zilete. Ulete na pesa ya huyu binti."

"Unaniadhibu kwa ajili ya mtu usiyemjua?"

"Wewe unamjua, na ukamwibia."

Akakata.

Nilikuwa nimekwisha simama, mkoba mkononi. "Mama, niambie jina la dawa. Duka liko karibu, nitakimbia."

Alinikamata kiganja. Mikono yake ilikuwa baridi. "Kaa."

"Mama, moyo si jambo la mchezo."

"Nimezaa mtoto mmoja. Niache leo nijue nimezaa nini."

Nikakaa.

Hilo ndilo ninaloliungama leo, na mnihukumu mkitaka. Ningeweza kutoka. Ningeweza kumwambia muuza dawa, mama mtu mzima, moyo, nipe ushauri. Sikutoka, kwa sababu mimi pia nilitaka Funguo aje. Nilitaka nimwone akipita mlangoni pangu, mkono mmoja dawa, mkono mwingine pesa ya mume wangu. Niliitaka sana picha hiyo. Mama akafumba macho, nami nikamfunika, nikahamia sebuleni kumngoja mwanawe.

Alikuja, ndiyo.

Mlango uligongwa kwa ngumi. Nilipofungua nilikuta askari, na nyuma yake Funguo, jasho likimtiririka. Mkononi ameshika mfuko mdogo wa dawa. Nikautazama mkono wa pili. Ulikuwa mtupu.

"Wewe ndiye Mama Viti?" askari akauliza. "Huyu bwana ameandikisha kituoni kwamba umemchukua mama yake na unadai pesa ndipo umwachie."

"Nadai pesa, kweli. Naidai tangu kabla sijamjua mama yake."

"Unasikia, afande? Amekiri!" Funguo akapaza sauti. "Pesa yako sasa utaidai ukiwa ndani. Na hasara ya biashara yangu ya leo utanilipa wewe!"

"Dawa umeleta, umefanya vyema," nikamwambia. "Lakini kibao chako cha ukutani hakiko hapa. Hapa ni kwangu. Sitoki, sifuti dai, na sikuogopi, wewe wala kituo chako."

"Yuko wapi huyo mama?" askari akauliza.

"Amelala. Ingieni mumuulize wenyewe kama ametekwa. Atawajibu vizuri kuliko mimi."

Niliwatangulia chumbani. Mama alikuwa vile vile nilivyomwacha, ameelekea ukutani, shuka limemfika begani.

"Mama," nikasema, "amekuja."

Hakugeuka.

"Mama. Mwanao huyu hapa, na dawa."

Nikasimama. Askari alikuwa amevua kofia bila kujua kwamba ameivua. Funguo akanipita kwa bega, mfuko wa dawa ukamdondoka, akapiga magoti kando ya kitanda, akaita na yeye. Haikuwa tena sauti ya muuza magari. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeamka nyumbani asimwone mtu.

"Mama?"